Kitambaa cha Bibi Damari

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kila shingo inaponikaza, mwanangu. Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza katika kijiji kipya cha ujamaa, kando ya mto Mkondoa. Mama alikuwa amefariki kabla hatujahamishwa, kaka yangu yuko kwenye mashamba ya katani, nami nikapewa kiwanja katikati ya watu nisiowajua. Nyumba yetu ya zamani ilibaki ng'ambo, na paa lake lilionekana kutoka upande wetu.

Kila jioni, tukitoka shamba la kijiji, nilivuka kwa kuogelea pale mto ulipotulia. Nilikaa barazani kwetu peke yangu, kisha nikarudi. Hakuna aliyenifundisha kuogelea. Nilikwenda uso nje ya maji, macho kwenye lile paa, kana kwamba nikiliachia litaondoka. Nilikuwa mpweke, mwanangu, na niliuonea aibu upweke wenyewe, basi sikuzoeana na mtu.

Shingo ikaanza kuuma, kutoka nyuma ya sikio hadi begani. Mimi mjuaji, nikakishika kichwa kwa mikono miwili nikakizungusha kwa nguvu. Kikalia ko! Tangu hapo sikuweza kugeuka hata kidogo.

Kesho yake nikampita jirani yangu Bibi Damari, mjane wa makamo ya mama yangu, anafagia uwanja wake. Nikamwamkia huku natazama mbele. Hakuitikia. Kwetu mzee asipoitikia shikamoo yako, siku imekwisha kuharibika.

"Wewe kijana," akasema, "shikamoo hiyo unanipa mimi au unaipa njia?"

"Nakupa wewe, bibi. Shingo haigeuki."

"Na nani anakukanda?"

"Sina mtu."

Akaegemeza ufagio ukutani. "Marahaba," akasema. "Njoo jikoni."

Alichovya kitambaa katika maji ya moto, akakikamua, akajaribu joto lake kwenye mkono wake kwanza, ndipo akakiweka shingoni mwangu na kukishikilia. Kilipopoa akarudia. Nikalia, wala si kwa maumivu. Tangu Mama afariki hakuna mkono uliokuwa umenigusa.

Alikuwa akiniona nikivuka mto kila jioni, akaniuliza naogeleaje. Nikamwonyesha, akacheka. "Kama kuku aliyetumbukia kisimani! Laza uso majini, pumulia ubavuni."

"Nikilaza uso siioni nyumba, bibi."

Akakichovya kitambaa tena, akakikamua. "Hiyo nyumba haina mtu, baba. Mimi nipo hapa."

Siku kadhaa sikuingia mtoni wala sikutazama ng'ambo. Shingo ilipolegea nikavuka alivyonielekeza, macho chini tangu ukingoni, bila kuumia. Nilipoinua uso ng'ambo, paa lilikuwa limekwisha kuanguka. Nikarudi, nikamkuta amebandika maji.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Ukiogelea usiinue kichwa muda wote. Tazama chini, na ukitaka pumzi geuka na mwili mzima, leo upande huu, kesho ule. Shingo ikiuma, acha maji siku chache, ikande kwa uvuguvugu, shusha mabega, igeuze polepole pale inapokubali. Usiivunje kwa nguvu kama mimi. Mkono ukifa ganzi, au homa ikija pamoja na shingo kukakamaa, hayo si ya kitambaa tena, wahi hospitali.

Na uwaamkie majirani zako kabla hujawahitaji. Bibi Damari alitutoka zamani, na wanangu wa kuwazaa wako mbali. Jioni nyingine nachovya kitambaa mwenyewe, nakamua, nakiweka nyuma ya shingo. Mkono wangu huchoka kabla hakijapoa, nacho kinadondoka.

Mungu akulinde majini na nchi kavu. Akupe maisha marefu, na siku utakapozeeka akupe mtu wa kukushikia kitambaa.