Magudumu ya Baiskeli ya Viti Viwili

Nilikuwa dereva wa malori ya mizigo kutoka Isaka, mpaka presha ya macho iliponinyang'anya nuru. Mke wangu ndiye aliyeipata baiskeli ile ndefu, yenye viti viwili na pedeli za watu wawili, kwenye stoo ya misheni pale Ushirombo, chini ya madawati mabovu. Padri alimwambia aichukue tu.

"Kitu kizima kinatolewaje bure?" nikamuuliza.

"Hakuna wa kukiendesha. Mimi nitakaa mbele, wewe nyuma. Au unataka kushikwa mkono mpaka lini?"

Fundi wa jirani alisema fremu haina tatizo. Magudumu ndiyo yaliyokufa. Kutu ilikuwa imezila ringi, nikizibonyeza zinameguka kama mkate mkavu.

Akatokea dalali mmoja kutoka Geita, anayeuza kila kinachobaki machimboni, kuanzia pampu za maji hadi vipuri vya karasha, zile mashine za kusagia mawe. Alileta magudumu mawili hadi mlangoni.

"Mzigo wa uhakika huu, mzee. Mpya kabisa."

"Yanang'aa kweli," mke wangu akasema.

Mimi nilisikia harufu ya rangi mbichi. Nikachukua ufunguo wa kufuli nikakwangua upande wa ndani, mahali ambapo mnunuzi haangalii. Rangi ikabanduka kama ganda la yai, na chini yake vidole vikakuta kutu. Dalali akacheka, akasema amekosea mzigo. Hakurudi tena.

Tangu siku hiyo sikumwamini mtu. Fundi alipotuelekeza duka la vipuri vya baiskeli Shinyanga mjini, la Mama mmoja wa Kihindi aliyerithi biashara kwa baba yake, nikajua kuna chake huko. Tulikwenda kwa basi, na njia nzima nilikuwa nikifikiria watagawanaje.

Mama yule alituweka kwenye benchi akaleta magudumu ya aina mbili. Nilipapasa yote. Aina moja ilikuwa nyepesi, ya alumini. Nyingine ilikuwa ya chuma, nzito, yenye spoku nene.

"Chukueni ya chuma," akasema. "Watu wazima wawili kwenye alumini, mkiingia shimoni ringi inapinda."

"Haya ya chuma yamekaa dukani muda gani?"

"Miaka mingi tu. Siku hizi watu wanataka pikipiki."

Nikaona nimeshamkamata: anataka kutubebesha mali iliyododa. Nikaomba gudumu linyanyuliwe. Nikalizungusha nikisikiliza, kisha nikagusa spoku mojamoja kama mtu anayepima nyuzi za zeze. Moja ikatoa sauti ya kulegea.

"Hii vipi?"

"Fundi wako ataikaza. Zote hukazwa upya kabla ya kufungwa."

Nilikuwa bado na spoku ile mkononi nilipowasikia. Mke wangu alikuwa amesogea kaunta, anamnong'oneza Mama yule, naye anamjibu kwa sauti ya chini. Nilipokohoa, wakanyamaza wote wawili.

Nikasimama. "Tuondoke."

Nje, kwenye baraza la duka, nikamshika mke wangu mkono. "Mlikuwa mnanong'ona nini? Anakupa ngapi?"

Akauchomoa mkono wake, nikadhani anatunga uongo.

"Nilimuuliza kama breki zitatushika kwenye mteremko," akasema. "Wewe ni mzito, na usukani ninao mimi. Nikishindwa nitakuua. Ningekuambiaje, na wewe umeshaanza kufurahi?"

Sikuwa najua kwamba furaha yangu ilionekana. Nikamwambia turudi ndani.

"Mama," nikasema dukani, "una gudumu la nyuma la chuma lenye breki ya miguu? Ile ya kurudisha pedeli nyuma?"

"Lipo moja. La zamani."

"Pedeli zetu zimeunganishwa kwa cheni," nikamwambia mke wangu. "Ukirudisha nyuma, na miguu yangu inarudi. Tutafunga breki wote wawili."

Kabla ya kukubali nililikwangua kwa ufunguo, Mama akinitazama, nadhani. Lilikuwa chuma tupu. Tukalichukua pamoja na la mbele la chuma.

Fundi aliyafunga yote mawili, akazikaza spoku zote huku nimemsimamia. Asubuhi tuliyoitoa baiskeli, majirani walitusalimu "mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, kwa vicheko. Kwenye mteremko wa kwanza mke wangu alianza kusali. Mara nikarudisha pedeli nyuma kwa nguvu zangu zote, tukasimama ghafla vumbini.

"Nini tena?"

"Nimesikia mbuzi mbele."

"Hakuna mbuzi, mzee. Njia nyeupe."

"Una hakika?"

Akacheka mpaka baiskeli ikatikisika. Kisha akaniambia niinue miguu niirudishe kwenye pedeli, tukaanza tena kushuka.