Pazia ya Jikoni na Siku Nilimukana Divine

Hii mambo nikiikumbuka masikio inapata moto, na kama mukecuru, muke wangu, hangekuwa anaihadithia kila harusi tunayoalikwa, ningeikalia kimya; bon, bora muisikie kwangu, maana yeye anaongezaga chumvi.

Ilianzia kwa jirani yetu Kabanda. Aliishi Goma miaka mingi, akarudi akajenga nyumba ya kisasa hapa juu yetu kwenye kilima, na ndani jiko na salon ya kukaribishia wageni ni kitu kimoja, ukuta hakuna, wanaitaga cuisine américaine. Kila nikienda kumusalimia ananionyesha tena kama vile sijaiona. Nyumba yangu mimi ni ya zamani, jiko ndogo, nyeusi kwa moshi, iko nyuma ya ukuta ya salon. Basi wageni wa kumuomba mujukuu wetu Divine walipokaribia kuja, mi nikachukua nyundo. (Fundi nilimukatalia. Shule sikufika mbali, lakini kuvunja, nani anaisomea?) Mukecuru akaniambia, "Muzee, siku ya kuomba binti anafichwa jikoni. Sasa tutamuficha wapi?" Nikamujibu kama wageni watakaa inje, chini ya hema, salon wataiona wapi? Ukuta ikaanguka, vumbi ikaingia mupaka ndani ya sukari, na pale penye ukuta nikatundika pazia ya kitenge kwa waya na misumari mbili. Kusema kweli ilipendeza.

Siku yenyewe, wageni wamefika kutoka Nyakiriba, wamekaa tu, mvua ya Gisenyi munaijua, haipigi hodi. Hema ikajaa maji, watu wote wakakimbilia salon, na Divine na mashangazi zake wakabaki nyuma ya pazia.

Donc, musemaji wa familia nilikuwa mimi. Kwetu wageni wakiomba binti humutoi mbio, unakana kwanza, unawasumbua, watu wanacheka, mupaka wanyenyekee. Hapo ndio mahali pangu. Nikasimama nikawaambia wamechelewa, binti hapa hakuna, tulimuoza zamani Kanzenze, ana watoto wawili, mutafute nyumba yote hamutamupata. Nikanyoosha fimbo nyuma kwa maringo, fimbo ikakamata pazia (misumari niligongea mwenyewe, nimeshasema), na pazia ikashuka yote na waya yake, ikaniangukia bega.

Divine alikuwa amekaa juu ya ndoo, bigudi za kukunja nywele kichwani, nguo ya sherehe bado, mudomo umejaa sombe, yale majani ya muhogo.

Hapo ningecheka tu, nikakubali nimeshindwa, ingeisha. Lakini mudomo yangu ikanitangulia. "Huyo? Huyo si wetu. Huyo ni wa kwa Kabanda, amekuja kuomba chumvi."

Musemaji wa wageni, muzee mupole, akavua kofia yake. Alafu akanigeuzia mugongo, akamuangalia Kabanda, aliyekaa pembeni na chupa yake. "Basi Muzee Kabanda, utusamehe, tulikosea nyumba. Tunamuomba kwako."

Kabanda akasimama polepole, akafunga koti. "Mi nimemutoa. Na ngombe muilete kwangu."

Watu walicheka mupaka Divine sombe ikamupalia, shangazi anamupiga mugongo. Lakini mi sikucheka, maana neno ya musemaji mbele ya wakwe haichezewi, na nilikuwa nimemutoa mujukuu wangu kwa mudomo yangu mwenyewe. Nikaenda mbele ya Kabanda, pazia ingali kwenye bega, nikapiga goti na hii magoti yangu mbovu, nikamuomba anirudishie mutoto. Akanywa kwanza.

"Sema jiko ya nani ni muzuri."

"Ya kwako," nikasema.

"Sauti."

Nikasema na sauti, wakwe wote wanasikia, ndio akamurudisha.

Ukuta imejengwa tena, safari hii na fundi, na leo hata musumari ya kalenda sigongi bila kumuuliza mukecuru. Divine aliolewa vizuri, namushukuru Mungu. Ila akija kutembea anapitia kwanza kwa Kabanda, anamusalimia "Sogokuru", kama vile yeye ndiye babu yake. Alafu anashuka kwetu, anasimama kwenye mulango ya jiko, anasema amekuja kuomba chumvi.