Mishale Miwili ya Mzee Chaki

Msusi alikuwa na mkono mwepesi na moyo mzito, hasa akitajwa mdogo wake, Nesi.

Chanzo kilikuwa fanksheni, ile kanuni ya hesabu ambayo kila kitu hutoa mshale mmoja tu kwenda kwenye jibu lake. Zamani baba yao, mwalimu wa hesabu ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Chaki, aliwachorea nukta mbili, kila moja na mshale wake, na mishale yote ikaishia kwenye nukta moja ya tatu. Msusi akasema hiyo si fanksheni; wawili watadai vipi kitu kimoja? Mdogo wake akasema ni fanksheni, akanunuliwa saa ya mkononi. Saa ilishakufa. Wivu ulikuwa mzima wa afya.

Tangu mama yao afariki, mzee aliishi kwa Msusi, akishinda saluni na kutania wateja. Sasa Nesi amejenga, anataka baba ahamie kwake, na leo ndiyo siku ya jibu. Msusi alisuka kwa hasira mpaka mteja akapiga kelele, "Dada, hicho ni kichwa, si mkeka!"

Mteja alipoondoka, Msusi akapasuka. "Utaenda kwake tu. Si ndiye mwenye akili?"

Mzee akachukua kipande cha boksi, akachora kwa penseli nukta yake mwenyewe na za mabinti zake wawili, kila binti na mshale unaotoka kwake kwenda kwa baba. "Kila mtoto ana baba mmoja. Hii ni fanksheni. Mnagombea nini?"

"Geuza mishale, Baba. Itoke kwako."

Akageuza. Nukta moja, mishale miwili. "Hapo si fanksheni tena. Mmoja hawi na majibu mawili."

"Basi toa jibu moja. Huwezi kulala kwetu sote."

"Mimi nimeshindwa, mwanangu." Akampa kifutio. "Futa wewe."

Msusi hakusita. Alimfuta mdogo wake mpaka boksi likachubuka, na raha ikampanda hadi masikioni.

"Haya," mzee akasema taratibu. "Sasa mpigie, umwambie aliyemfuta ni nani."

Kabla hajaigusa simu, ikaita. Alikuwa Nesi.

"Dada, nimefikiria sana. Baba abaki huko huko. Akiondoka, wewe utabaki na nani?"

Msusi akakitazama kifutio kilichokuwa bado mkononi mwake. Mdogo wake alikuwa amejifuta mwenyewe. Hata kwa hili Msusi alikuwa ametanguliwa, na wivu ukamshika upya, mkali kuliko ule wa saa.