Risasi ya Bwana Koleo

Sokoni Kasongo wanasema Zéphirin ni mlevi wa zamani aliyeharibu lori la kampuni ya pamba. Hakuwa mlevi, na lori hakuliharibu. Nilikuwako.

Alianza kazi kwa kupakia marobota, akaosha magari miaka minne, akajifunza injini kwa kuisikiliza tu. Mwaka wa 1951 akapata kadi ya udereva. Aliishona ndani ya mfuko wa shati, na mkewe Anastasie kila akitaka kufua ilimbidi afumue uzi kwanza.

Mkuu wa gereji alikuwa Mbelgiji tuliyemwita Bwana Koleo. Kwenye kila gari kuna kisanduku cha regileta, kinachopima umeme unaotoka kwenye dinamo kwenda kwenye batri. Visanduku hivyo alivifunga kwa waya na kipande cha risasi laini kama muhuri, akakibana kwa koleo lenye alama yake. Mweusi akikata waya ule, kazi imekwisha. Sasa lori la Zéphirin lilikuwa limeua batri mbili kwa miezi mitatu. Bwana Koleo hakufungua kisanduku hata mara moja. Alisema dereva anachezea batri, na ya tatu ikifa, kadi ataiacha mezani.

Siku hiyo tulikuwa tunakwenda Kabambare, mimi nimekaa juu ya magunia yangu ya samaki wakavu wa Nyangwe. Mvua ilikuwa imewalowesha. Wasipouzwa siku ile, ni wa kutupa. Karibu na Lusangi, saa nne asubuhi, injini ikakohoa, ikazima.

Zéphirin akabonyeza mkanda wa dinamo kwa kidole gumba. Ulikuwa umekaza vizuri. Akafungua vichwa vya batri, akakwangua unga wa kijani, akavikaza tena. Maji yalikuwa sawa. Yeye aliweka maji ya mvua tu, yaliyokingwa kwenye bati la misheni.

"Batri haina kosa," akasema. "Iko na njaa. Kuna mutu anakula chakula yake njiani."

Tukaiacha ipumzike saa nzima ikusanye nguvu kidogo. Nikazungusha manivela, ule mkono wa chuma wa kuwashia injini, mpaka mabega yakauma, injini ikashika. Yeye akachomoa nyaya kwenye dinamo, akaunganisha vichwa vyake viwili kwa kipande cha waya, kisha akaweka taa ndogo kati ya pale na chuma cha injini. Taa ikawaka.

"Unaona? Dinamo inazaa. Ugonjwa iko mule." Akaonyesha kisanduku.

"Fungua basi."

"Na risasi?"

"Baba Emilienne," nikamwita kwa jina la binti yake, "ukirudi na batri imekufa, watakufukuza. Ukifungua, labda watakufukuza. Chagua ile yenye labda."

Akacheka kidogo. "Weye unaniuzisha miye kama samaki."

"Nitasema mbele ya Bwana. Nimeona taa kwa macho yangu."

"Utasema?"

"Nitasema."

Akakata waya. Ndani, vyuma viwili vinavyogusana vilikuwa vyeusi kama mkaa. Akavisugua kwa msasa, akavifuta, akafunga, akarudisha nyaya kwenye dinamo. Mshale wa umeme mbele ya usukani ukaruka kulia. Tukafika Kabambare soko halijavunjika, nikauza samaki wote.

Tuliporudi Kasongo, Bwana Koleo hakuutazama mshale. Alipitisha kidole mahali risasi ilipokuwa.

"Batri iko nzima, Bwana," Zéphirin akasema. "Dinamo inailisha vizuri."

"Sikuuliza hiyo. Nani alikata?"

"Miye. Ndugu Kasimu huyu aliona yote."

Bwana Koleo akanigeukia. Ruhusa yangu ya kupakia samaki kwenye magari ya kampuni iliandikwa kwa mkono wake, na angeweza kuichana kwa mkono huohuo. Nikapima haraka, kama ninavyopima kila kitu.

"Sikuona kitu, Bwana. Nilikuwa nimelala juu ya magunia."

Zéphirin alitoa kisu, akafumua uzi wa mfuko mwenyewe, akaweka kadi mezani.

Lori lile lilitembea miaka mitano bila kuua batri nyingine. Yeye akawa anaziba mipira ya baiskeli karibu na soko. Mimi niliendelea kupakia, na mwaka wa 1958 nikanunua lori langu, kuukuu. Likaanza kula batri. Fundi wa kuujua ugonjwa huo nilimjua mmoja tu.

Alikuja. Akapima mkanda, vichwa, maji. Akashika taa yake, ikawaka. Akaanza kukusanya zana.

"Iko kwenye kisanduku," akasema.

"Si ufungue? Lori ni langu. Hakuna risasi, hakuna Bwana."

Akafuta vidole kimoja kimoja.

"Na ikiungua, nani atasema ilikuwa namna gani? Miye sikuona kitu, ndugu Kasimu. Nilikuwa nimelala juu ya magunia."

Akapanda baiskeli, akaenda. Kisanduku nilikifungua mwenyewe, nikasugua nisipopajua, nikaunguza dinamo.