Jina Nyuma ya Picha

Harufu ya mafuta ya kung'arishia mbao ikinipitia puani, popote nilipo, narudi kwenye ghala la nyumba ya mnada alikofanya kazi baba, hapa Johannesburg, si mbali na mtaa wa Malvern tulikokaa. Nilikuwa na miaka tisa. Likizo ile mama alikuwa na nguo za harusi za kushona na hakutaka mtu wa kumsumbua miguuni, basi baba akawa ananichukua kazini. Kazi yake ilikuwa kubeba picha za kuchora na kuziinua mbele ya wanunuzi, mikono ndani ya glavu nyeupe, mdomo kimya.

Bosi wake, mzee mpenda hadithi, alitusimulia jinsi minada ya aina hii ilivyoingia Marekani zamani: waungwana wachache, chumba cha kupanga, picha na vitabu vya matajiri waliokufa, watu wakiruhusiwa kuja kutazama siku kadhaa kabla nyundo haijagongwa. Mabwana wote aliwataja kwa majina. Wabebaji hakuwataja. Baba hakubishana, siri ya mtungi aijuaye kata. Alinifundisha kusoma mgongo wa picha, kwa sababu kila nyumba iliyoiuza hubandika karatasi yake nyuma. Picha moja ilikuwa na karatasi ya Marekani, imegeuka rangi ya chai, na nilipoigusa alinipiga kikofi mkononi.

Siku moja ikaja picha ya wanawake wakianika mihogo, mgongo wake mtupu. Katalogi ilisema mchoraji hajulikani. Baba aliketi juu ya kreti akaitazama muda mrefu. Ilikuwa kazi ya kaka yake mkubwa, aliyefia kwetu Lubumbashi kabla sijazaliwa. Mwanamke wa katikati alikuwa bibi yangu. Akamwambia bosi. Bosi, bila ubaya, akamwuliza ana karatasi gani ya kuthibitisha. Hakuwa nayo. Nyumbani mama alimsihi aliache jambo hilo: "Bakikufukuza, batoto batakula nini?" Lakini damu nzito kuliko maji. Asubuhi ya mnada nilimwona akivua glavu na kuandika kwa penseli nyuma ya picha, kosa ambalo lingemfukuzisha kazi mbebaji yeyote siku hiyohiyo.

"Banasema hajulikane," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mi namujua. Mama, usiambie mutu." Ndivyo alivyozoea kuniita, Mama.

Ukumbini nilikaa kiti cha nyuma, nikimkazia macho baba. Aliiinua picha, uso mkavu, rangi zikiwaelekea wanunuzi, jina la kaka yake likiwa limelala kifuani pake. Ikanunuliwa, ikaenda zake.

Baba tumeshamzika, na nyumba ile ya mnada sasa ni duka la matairi. Siku hizi watu hununua picha kwenye simu, na mgongo wake hakuna anayeuona. Mwezi uliopita niliikuta ile yetu ikiuzwa tena. Juu kabisa wameandika jina la mchoraji: Mwamba Kalenga, baba yangu mkubwa. Nililia kama mtoto. Kisha nikasoma herufi ndogo za chini, wanapoeleza jina hilo wamelipata wapi: limeandikwa nyuma kwa penseli, na mtu asiyejulikana.

Nimewaandikia. Karatasi ya kuthibitisha sina. Nimewaambia tu kwamba mtu huyo anajulikana: ni Ngoy Kalenga, mbebaji, na mimi ni binti yake.