Mbao, chuma na composite kwenye jiko la mama mkwe: kipi kimedumu

Wakuu, heshima zenu. Kabla hamjasema hii ni chai ya kutunga, mashimo ya nguzo nilichimba mwenyewe.

Mimi naishi Kibaha, ukweni ni Chole, Kisarawe. Mwaka juzi mama mkwe alitaka jiko la nje. Wanaume watatu tukabishana nguzo ziwe za nini.

Baba mkwe alitaka mbao, basi. Shemeji yangu ni fundi welding, akasema chuma. Mimi mtu wa YouTube nikaja na composite, ule mchanganyiko wa plastiki na unga wa mbao. Haiozi, hailiwi na mchwa.

Mwisho kila mtu akasimamisha yake. Mbili za nyuma za shemeji, mbele moja ya Baba na moja yangu. Bati likapanda, mama akaanza kupika.

Mvua za mwaka huu zilipokatika nikaenda kusalimia. Nikagonga nguzo ya Baba kwa kidole. Tupu! Mchwa wamemaliza ndani, nje imebaki rangi.

Za chuma zimeliwa na kutu pale zinapoingia ardhini. Yangu imepinda. Kumbe ile ni ya kupamba ukuta, siyo ya kubeba paa.

Na mama yuko chini yake anakoroga mchuzi. Niliogopa sana wakuu.

Lakini unamwambiaje baba mkwe kwamba mbao yake imekwisha? Nikala wali, nikarudi Kibaha kimya. Hapo najilaumu mpaka leo.

Siku ya tatu nikashindwa kuvumilia. Nikarudi, nikatoa shikamoo, nikamwaga yote.

Mzee akacheka. "Mbona najua siku nyingi, mwanangu. Na yako niliiona inapinda. Nikasema nikimwambia mkwe wangu nitamvunjia heshima."

Mama akatoka na mwiko mkononi. "Kwa hiyo nyie mnaheshimiana, mimi paa liniangukie?"

Tulibomoa siku hiyo hiyo.

Sasa chuma kimepakwa red oxide, ile rangi ya kuzuia kutu, na kimesimama juu ya zege, hakigusi udongo. Mbao iliyopigwa dawa iko juu kwenye kenchi za paa. Composite imeziba upande unaopigwa na mvua, imependeza balaa.

Nilichojifunza: vyote vinadumu ukiviweka panapovifaa, na ukiona kasoro sema mapema.

Wewe ambaye ukweni kuna nguzo imepinda na umenyamaza, anza kutuambia sisi hapa, halafu piga simu leo leo.