Pikapu Iliyokataa Kuzima

Kosa langu la kwanza lilikuwa nusu mzunguko wa bisibisi. Nikisema hivyo watu hucheka, lakini hadi leo nikisikia harufu ya petroli isiyoungua vizuri ikichanganyika na vumbi la pamba mpya, huweka chini chochote nilichoshika. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, tunaishi Nkololo, na ulikuwa msimu wa kuvuna, wakati ambao asubuhi huwa na baridi kavu na vidole vinachanika kwa magamba ya vitumba vya pamba. Baba alikuwa amerithi pikapu ya kabureta ya kaka yake, baba mkubwa, aliyefariki mwaka uliotangulia. Kila asubuhi pikapu ile iliwaka, ikakohoa, ikazima, ikawaka tena, nasi tulisimama na magunia ya pamba tukiisubiri ichangamke. Wengine walivumilia. Mimi nilikuwa mtoto wa kupanga hata kandambili za wageni mlangoni kwa ukubwa wake, na ule mngurumo wa kuyumbayumba ulinikosesha raha. Mchana mmoja, baba akiwa shambani, nikafungua boneti, nikaitafuta skrubu ndogo ubavuni mwa kabureta, ile inayoamua injini izunguke kwa kasi gani gari likiwa limesimama, nikaikaza nusu mzunguko. Kesho yake pikapu iliwaka na kutulia. Baba akaipiga boneti kwa kiganja, kama anavyompiga fahali mgongoni akimsifu. Sikusema kitu. Nilijiona fundi.

Jioni ya siku hiyo baba alirudi kutoka kupima pamba, injini ikiwa ya moto, akazungusha ufunguo, akauchomoa, akashuka. Pikapu haikuzima. Ilitikisika yote, kho, kho-kho, ikanyamaza kidogo kama mtu anayevuta pumzi, kisha ikaendelea, huku moshi mkali ukitambaa hadi jikoni. Baba alisimama na ufunguo mkononi. Jirani yetu Masanja, aliyekuwa hapitwi na jambo, akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ua wa minyaa: “Luhende! Ufunguo umeushika wewe, sasa gari anaendesha nani?” Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bibi, mama yake baba, hakucheka. Aliweka chini ungo wake wa choroko, akasema taratibu, “Anayeendesha mnamjua.”

Jumapili tulikwenda kanisani, lakini siku nyingine za wiki bibi alikuwa na mambo yake, na baba hakuwahi kumpinga. Kadiri pikapu ilivyokohoa kila jioni, ndivyo maneno ya bibi yalivyopata miguu. Alisema mwanawe amezikwa lakini hajapewa kitu, kwa hiyo amerudi kukaa kwenye gari lake. Baba mkubwa alipokuwa hai alipenda ng'ombe wenye baka jeupe usoni, na zizini kwetu alikuwepo mmoja tu wa namna hiyo. Huyo alikuwa wa mama. Mjomba alimpa mama siku alipomzaa mdogo wangu wa mwisho, na mama akamwita Kabula, jina la mvua kwa lugha yetu, kwa sababu aliletwa mvua ikinyesha. Maziwa ya mtoto yule, maziwa mgando ya wageni, hata samli ya kumpaka bibi miguu, vyote vilitoka kwa Kabula. Baba alipomweleza mama kwamba tambiko litafanyika na ng'ombe ameshachaguliwa, mama alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka. Alisema, “Mkishaamua, mimi niseme nini?” Akaendelea kusonga, hata ulipokuwa umeshaiva.

Nilikuwa na wiki mbili kabla ya tambiko. Chini ya kiti cha pikapu kulikuwa na kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, nami nilikisoma kwa kamusi ya shule, neno kwa neno, nikiwa nimejificha nyuma ya ghala. Nilielewa polepole sana. Kwanza nilidhani ni plagi, nikazisugua kwa mchanga hadi zikang'aa. Pikapu ikakohoa. Nikadhani hewa inapenya mahali, nikasokota nyuzi za pamba na kuziba kila upenyo niliouona, kama tunavyoziba matundu ya ghala. Ikakohoa zaidi. Hatimaye nikafika kwenye ukurasa uliosema nilichokuwa nakikimbia. Masizi yaliyoganda ndani ya injini huwaka kama makaa, na injini ikiachwa ikizunguka kwa kasi, huendelea kuvuta petroli hata ufunguo ukiwa mfukoni. Makaa yale huiwasha petroli bila plagi. Na ile petroli ya chupa tuliyonunua barabarani, iliyochanganywa na mafuta ya taa, ilikuwa inakoleza moto. Wala ile skrubu haikuwa na shida tangu mwanzo. Gari lilikuwa likizima asubuhi kwa sababu waya wa choki, ile inayoongezea injini petroli ikiwa bado ya baridi, ulikuwa umekatika. Nilikuwa nimetibu mguu wa mgonjwa wa kichwa.

Siku moja kabla ya tambiko, baba alikwenda Bariadi kununua vitu vya shughuli, akajaza petroli ya kituoni kwa sababu kesho yake angekwenda mbali. Aliporudi jioni na kulala kidogo, injini ikapoa, nilichomoa waya wa breki ya baiskeli yangu, nikaufunga kwenye choki, nikairudisha skrubu ile nusu mzunguko. Nilijua, karibu kabisa, kwamba nimepata. Na hapa ndipo pananiuma hadi leo. Ningeweza kwenda jikoni na kusema, “Mama, ni mimi.” Lakini ugonjwa ule hujionyesha injini ikiwa ya moto tu, nami sikuwa nimeipima ikiwa ya moto. Nikajiambia nisiseme kitu nusunusu. Nisubiri niwe na uhakika. Wahenga walisema subira yavuta heri. Subira yangu ilikuwa woga uliovaa nguo safi.

Asubuhi Kabula alitolewa zizini. Alimfuata mama bila kamba, kwa kuwa alizoea kumfuata. Sitaeleza zaidi. Mchana, shughuli ilipokwisha, baba alimrudisha shangazi, aliyekuja kwa tambiko, kwake Zagayu, na jua lilikuwa linaelekea kuchwa tuliposikia pikapu ikirudi. Watu wakasogea karibu. Baba akazungusha ufunguo. Injini ikazima papo hapo, kimya, kama taa iliyopulizwa. Bibi akapiga vigelegele, akalia, akasema, “Amepokea! Mwanangu amepokea!” Hata Masanja alivua kofia. Hadi siku hiyo ndicho kitu pekee nilichokuwa nimetengeneza kikamilifu, nacho kilitoa ushahidi wa uongo mbele yangu. Mama alikuwa ameinama anaosha kibuyu cha kukamulia, akakisuuza mara mbili, akakitundika ukutani. Wiki iliyofuata mdogo wangu alikunywa uji mtupu, akalia, akauzoea.

Bibi alifariki akiamini. Pikapu ilioza nyuma ya ghala. Mimi nina karakana ndogo Bariadi mjini, na magari ya kabureta siku hizi huletwa mara chache, mengine na wazee wanaoyapenda kuliko wanavyoyahitaji. Kila ninapozima injini husimama nikisikiliza, hata wateja hunishangaa. Mwaka huu mama alikuja kunitembelea, akakaa kwenye tairi, nikamweleza yote nikiwa nimeshika bisibisi. Akauliza, “Sasa mwanangu, jioni ile ulikuwa unasubiri nini?” Nikamjibu kwamba nilitaka kuwa na uhakika. Akatikisa kichwa, akafunga kanga yake vizuri, akaniuliza kama nimekula.

Kilichobadilika tangu wakati ule ni kwamba sasa nikigusa kitu cha mtu nasema siku hiyohiyo, hata kama sijajua nimekiponya au nimekiharibu. Mama hajapata ng'ombe mwingine.